Masta ya Ustawi wa Jamii Inakwamia Wapi?

NEEMA: Karibuni tena, tuko Dodoma, vumbi na jua kama kawaida. Mimi Neema, na mwenzangu…

LAMECK: Lameck. Afisa ustawi wa jamii, na mwanafunzi wa masta mwaka wa… usiniulize wa ngapi.

NEEMA: Ndicho ninachouliza, kaka! Nataka kuomba chuo mwaka huu. Nipe hesabu.

LAMECK: Hesabu ya TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, ni krediti 180 kwa uchache. Krediti moja ni saa 10 za kazi yako yote: darasani, maktaba, hata ile ya usiku watoto wakishalala. Jumla saa 1,800. Nadharia, sera, mbinu za utafiti, hizo utazimaliza. Watu wanaganda kwenye tasnifu, ule utafiti wa mwisho.

NEEMA: Kuandika?

LAMECK: Kuandika kuna nini, dada? Vibali! Andiko la utafiti likishapita, unasubiri kibali cha maadili, kwamba utafiti wako hautawaumiza watu. Kisha barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unashushwa wilayani, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila meza, "mhusika hayupo, njoo kesho." Barua yangu ililala ofisi moja, siitaji, wiki tano. Inatoka, Januari.

NEEMA: Mvua!

LAMECK: Na huku mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Nafika kijijini Bahi na madodoso yangu, kaya nzima iko shamba, inapalilia mtama. Nani aweke jembe chini anijibu habari za malezi?

NEEMA: Ukawapata?

LAMECK: Jioni, mmoja mmoja. Nikatoa fomu ya ridhaa, waweke dole gumba kwamba wamekubali kuhojiwa. Bibi mmoja akaiangalia, akaniuliza kwa Kigogo, "Kwani unanikopesha?" Kwake dole gumba ni la mkopo tu. Nikaanza upya, nikamwambia anaweza kukataa hata tukiwa katikati. Akakubali, ila akanikataza kumwandika jina. Na kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, usiishie kwa mlezi. Mtoto mwenyewe aulizwe, na akisema hataki, funga daftari.

NEEMA: Binamu yangu anasoma hiyohiyo Marekani, wala haandiki tasnifu.

LAMECK: Wengi kule hawaandiki. Uzito wao uko kwenye fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Chombo chao cha ithibati, CSWE, kinataka saa zisizopungua 900 chini ya msimamizi. Ukienda siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, ni wiki 56 na ushee.

NEEMA: Eeh! Hiyo si ajira kabisa?

LAMECK: Ajira, na wengine hawalipwi. Ila nawaonea wivu. Kazi yetu ni kukaa na familia, si kuhesabu madodoso.

NEEMA: Sasa mimi nifanyeje?

LAMECK: Anza na kalenda ya shamba, ndipo uangalie ya chuo. Lenga kuingia kijijini Julai, watu wamevuna, wana nafasi. Barua zianze kutembea Machi. Na mada iwe ya mahali unapofika kwa nauli yako mwenyewe.

NEEMA: Haya, na wewe unatetea lini tasnifu yako?

LAMECK: Msimamizi amenirudishia sura ya nne juzi. Nyekundu tupu.

NEEMA: Pole, kaka! Tupate maji kidogo, tunarudi na maswali yenu.