Leza ya macho: nilienda kupimwa nikaambiwa hapana

KHERI: Karibuni tena jamani. Salome kaja na miwani ile ile, na nyie mnakumbuka kipindi kilichopita alituringia hapa kwamba mkimwona tena hana miwani. Haya dada, imekuwaje?

SALOME: We nicheke tu. Nimeenda kupimwa nikijua natoka na tarehe ya leza, ile ya kurekebisha macho uache miwani, nimetoka na karatasi inasema konea yangu nyembamba.

KHERI: Konea si ndo ile ya mbele kabisa, kama kioo cha saa?

SALOME: Hiyo hiyo. Watu wengi katikati inakuwa na unene wa mikroni 540 hivi, yaani nusu milimita na kidogo. Mi yangu 470, na miwani yangu ni minus nane, yaani ya mbali sioni.

KHERI: Sasa wembamba na leza vinahusiana nini, si ni mwanga tu unamulikwa?

SALOME: Aa wapi! Leza inachonga, inapunguza nyama ya konea mpaka ibadilike umbo, ndo mwanga utue vizuri kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Na kila namba moja ya miwani inakula kama mikroni 14. Piga hesabu, nane mara 14.

KHERI: 112.

SALOME: Bado. Kwenye LASIK, hiyo aina ya leza inayopendwa, kwanza wanakata kifuniko cha juu, chukulia mikroni 110, wanakikunja pembeni kama jani la kitabu, wanachonga chini yake alafu wanakirudisha. Kile kifuniko kinashika tena ila hakibebi mzigo kama zamani, kwa hiyo nacho unakitoa kwenye hesabu. Mi nabaki na 248.

KHERI: Na inayotakiwa?

SALOME: Isipungue 250, na madaktari wengi siku hizi wanataka 300. Chini ya hapo ukuta unalegea, presha ya ndani ya jicho inausukuma, konea inavimba kwa mbele na unaanza kuona vibaya kuliko ulivyoenda. Yaani mi nilinuna siku hiyo, ila nilivyofika nyumbani nikapiga ile hesabu mwenyewe nikasema ahsante daktari.

KHERI: Lakini si kuna ile nyingine isiyo na kifuniko?

SALOME: PRK. Hiyo ni ya zamani kuliko LASIK na watu wanaidharau bure. Wanakwangua kale kangozi ka juu kabisa, kenyewe kanaota tena, wanachonga hapo hapo juu. Wanaocheza ngumi au mieleka mara nyingi wanashauriwa hiyo maana hakuna kifuniko cha kuja kuhama ukipigwa usoni. Shida yake ni maumivu, siku tatu nne za kwanza macho yanawaka kama umetiwa pilipili, unakaa na lenzi laini ya kulinda kidonda, na kuona vizuri kabisa inachukua wiki kadhaa. LASIK kesho yake wengi wanaona vizuri, ndo maana inapendwa.

KHERI: Na wewe PRK?

SALOME: Kwa namba kubwa kama yangu konea inaweza kuweka ukungu wakati inapona, na huo wembamba wenyewe unamtia daktari wasiwasi. SMILE nayo, aina nyingine ya leza, ile wanayochomoa kipande chembamba kupitia tundu la milimita chache, bado inatoa nyama ile ile. Nilichoambiwa nifikirie ni ICL, sio leza kabisa, ni lenzi inawekwa ndani, nyuma ya ile rangi ya jicho mbele ya lenzi yako ya asili. Konea hawaichongi, na ikibidi inatolewa. Ila ni upasuaji wa ndani ya jicho, kuna hatari ya mtoto wa jicho na presha ya jicho kupanda, kwa hiyo lazima wapime kama nafasi ipo.

KHERI: Mi nilisoma hii leza walijaribia bata mzinga mnajua? Mwaka 1981, wanasayansi wa IBM, ile kampuni ya kompyuta, mmoja wao Srinivasan akaleta mabaki ya bata mzinga wa sikukuu maabara, wakakuta leza inakata safi bila kuunguza pembeni. Mfupa wa bata ndo umetufikisha huku!

SALOME: Hahaha! Alafu jamani, wanaovaa kontakti, zile lenzi za kubandika machoni, zivueni mapema kabla ya kupimwa, laini angalau wiki moja mpaka mbili na ngumu zaidi ya hapo, maana zinakandamiza konea vipimo vinatoka vya uongo. Macho makavu pia semeni, leza huwa inayakausha zaidi kwa miezi ya mwanzo. Na usiku taa zinaweza kuwa na duara duara, wengine inaisha wengine inabaki kidogo.

KHERI: Mi nina minus mbili, konea nene, nimefikisha 43. Naenda?

SALOME: Sasa hivi simu unasomaje?

KHERI: Navua miwani.

SALOME: Basi ukichongwa uone mbali, hiyo ya kuvua hamna tena. Lenzi ya ndani inakakamaa na umri, leza ya konea haiizuii, utaanza kununua ya kusomea. Wengine wanachonga jicho moja la mbali na jingine wanaliacha la karibu, lakini hiyo ujaribu kwanza na kontakti, kuna watu inawatia kizunguzungu.

KHERI: Kumbe! Haya, kuna meseji ya msikilizaji hapa... ngoja nivue miwani niisome.