Jiji Lililopigia Kura Picha Mbili

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko Basel, Uswisi, kwenye makumbusho ya sanaa ya jiji, Kunstmuseum Basel. Kaka Sefu, nianze na wewe. Jifanye mkazi wa Basel, Desemba 1967. Umepewa karatasi ya kura. Swali ni moja: serikali itoe faranga milioni 6 kuchangia ununuzi wa picha mbili za Picasso, ndiyo au hapana?

SEFU: Hapana.

ZUHURA: Hata pumzi hujavuta!

SEFU: Ya nini? Milioni 6 za mwaka 1967, dada! Na usinione adui wa sanaa. Picha zenyewe nimezitazama jana hadi macho yakauma. Ile ya mwaka 1906, kijana amembeba mdogo wake mgongoni, rangi zake za udongo mtupu, ile nimeipenda kweli. Ya pili, ya 1923, yule mchekeshaji wa jukwaani ameketi na vazi lake la miraba ya rangi, nayo nzuri. Lakini kupenda kitu si sababu ya kumlipisha jirani yangu.

ZUHURA: Basi una wenzako 27,190. Hao ndio waliopiga kura ya hapana. Waliosema ndiyo walikuwa 32,118.

SEFU: Kwa hiyo walipita kwa kura kama elfu tano. Si ushindi wa kishindo.

ZUHURA: Si wa kishindo, ila ulipita. Na tuwaeleze wasikilizaji tulifikaje hapo, maana chanzo chake ni msiba. Picha hizo zilikuwa za familia ya Staechelin, matajiri wa hapo hapo Basel. Zilining'inia makumbusho kwa miaka kama mkopo, watu wakazoea, wakaziona zao. Aprili 1967 ndege ya kampuni ya Globe Air, kampuni ya Basel, ikaanguka karibu na Nicosia, Cyprus. Watu 126 wakafa. Kampuni ikafilisika, na mmoja wa familia hiyo alikuwa na hisa nyingi ndani yake. Pesa ikatakiwa, na pesa ya haraka ilikuwa ukutani.

SEFU: Ukutani kwa makumbusho.

ZUHURA: Ndiyo. Picha ya Van Gogh ikatangulia kuuzwa. Kwa hizi mbili za Picasso wakawaambia wenye jiji: zenu kwa faranga milioni 8.4, la sivyo zinaondoka. Baraza la jimbo likakubali kutoa milioni 6. Ninaposema jimbo, Basel-Stadt ni jiji lenyewe na manispaa mbili ndogo tu pembeni, kwa hiyo tusichanganyikiwe.

SEFU: Na hapo ndipo raia mmoja akasema, ngojeni kwanza.

ZUHURA: Uswisi ukikusanya saini za kutosha, uamuzi wa baraza unarudi kwa wananchi. Wapinzani wakakusanya saini. Na kuna jambo naona halisemwi vya kutosha: wanawake wa Basel-Stadt walipata haki ya kupiga kura za jimbo mwaka 1966, mmoja tu kabla ya kura hii. Katika ngazi ya taifa walisubiri hadi 1971. Kwa hiyo mabinti na mama wa Basel, kati ya mambo ya mwanzo kabisa waliyoulizwa na serikali yao, moja lilikuwa Picasso.

SEFU: Hilo sikulijua. Na zile milioni 2.4 zilizobaki?

ZUHURA: Watu walichanga. Novemba hiyo walifanya sherehe ya jiji zima, wakaiita sherehe ya ombaomba. Watu mitaani wanauza chakula, wanapiga muziki, wanapitisha makopo ya michango, vijana wamevaa beji za kusema wanampenda Pablo.

SEFU: Sasa hapo ndipo unapoanza kunilainisha, na nitakwambia kwa nini. Mtu aliyetia sarafu kwenye kopo kwa hiari yake simdai kitu. Ugomvi wangu ni na ile milioni 6 tu. Wangechanga zote 8.4 ningepiga makofi.

ZUHURA: Wasingefika.

SEFU: Huenda. Ila tusiwafanye wale 27,190 kuwa washamba. Mtu anaweza kuwa na hoja kwamba pesa hiyo inaokoa familia tajiri iliyoharibikiwa na biashara yake. Hoja hiyo si ya kipumbavu.

ZUHURA: Si ya kipumbavu, nakubali. Lakini sikia kilichofuata. Picasso mwenyewe, mzee wa miaka 86, yuko Mougins kusini mwa Ufaransa, habari zikamfikia kwamba jiji zima limepiga kura kwa ajili yake. Akamwita mkurugenzi wa makumbusho, Franz Meyer, akampa picha nne. Bure. Mbili alikuwa amezichora mwaka huohuo. Nyingine ya 1906. Na ya nne ni mchoro wa maandalizi wa 1907 kwa ajili ya ile picha yake kubwa ya wanawake watano iliyoko New York.

SEFU: Mchoro wa maandalizi wa *Les Demoiselles d'Avignon*? Huyo mzee alijua kutoa zawadi.

ZUHURA: Umelipia mbili, umepata sita.

SEFU: Hiyo ni bahati, dada, usinigeuzie ikawa sera. Jiji haliwezi kupanga bajeti kwa kutegemea msanii atafurahi. Na ukitaka nikuonyeshe ununuzi ninaoutetea mimi, twende 1939.

ZUHURA: Wewe unatetea 1939? Haya, tueleze.

SEFU: Mwaka 1937 Wanazi walipita kwenye makumbusho ya Ujerumani, zaidi ya mia moja, wakaondoa kazi za sanaa ya kisasa kama elfu ishirini hivi. Wakaziita sanaa iliyopotoka. Nyingine wakazianika kwenye maonyesho ya kuzidhihaki, halafu zilizoonekana zina soko nje wakaanza kuziuza wapate fedha za kigeni. Mwaka 1939 Basel ikapata mkurugenzi mpya, Georg Schmidt. Akaiomba serikali pesa, akapewa faranga 50,000, akaenda Berlin kuchagua. Nyingine akazinunua kwenye mnada wa Lucerne mwezi Juni. Jumla kazi 21.

ZUHURA: Elfu hamsini, kazi 21.

SEFU: Na kazi zenyewe! Kokoschka, ile ya wapenzi wawili wamelala katikati ya dhoruba. Lovis Corinth, *Ecce Homo*. Na Franz Marc, wanyama msituni wakati miti inaanguka, swala wa buluu katikati ameinua shingo juu. Ukisimama mbele ya hiyo ya Marc utaona theluthi ya kulia imefifia, ina rangi ya kahawia. Iliungua ghalani baada ya Marc kufa vitani Verdun, 1916. Aliyeitengeneza ni rafiki yake, Paul Klee. Na Klee hakujifanya Marc. Alirudisha umbo, rangi akaiacha hafifu, ili ijulikane hapa paliungua.

ZUHURA: Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote katika jengo lile. Ila Sefu, umesahau upande wa pili. Pesa hizo zilikwenda kwa nani?

SEFU: Sijasahau. Zilikwenda Berlin. Na wakati huohuo walikuwapo watu waliosema tususie mnada, kila faranga ni risasi.

ZUHURA: Sasa wewe unayekataa kulipa milioni 6 kwa familia ya jirani, unakubali kulipa elfu hamsini kwa serikali ya Hitler?

SEFU: Aisee, umenibana. Jibu langu ni hili: picha za Staechelin zingeuzwa, zingening'inia kwa mtu mwingine, zingekuwapo. Hizi za Berlin hakuna aliyejua mwisho wake. Kwangu hapo pana tofauti. Sisemi pesa ilikuwa safi.

ZUHURA: Mimi ningenunua zote mbili, kwa hiyo sina pa kukucheka. Lakini kuna ununuzi mwingine wa zama hizo usiofanana na huo, na makumbusho yenyewe yalichukua muda mrefu kulikubali hilo. Mei 1933, Berlin, mnada wa mali za Curt Glaser. Mwanahistoria wa sanaa, Myahudi, alikuwa mkurugenzi wa maktaba ya sanaa ya serikali. Ameondolewa kazini, anauza vitu vyake ili aondoke. Basel ikanunua michoro na chapa 200 kwa bei ya chini.

SEFU: Hiyo si mali ya makumbusho ya Ujerumani. Ni mali ya mtu anayekimbia.

ZUHURA: Ndiyo tofauti yake. Warithi wakaja kudai, 2008 wakakataliwa. Faili likafunguliwa upya, na 2020 wakapatana: kazi zinabaki Basel, warithi wanalipwa, na makumbusho yanaandaa maonyesho kumhusu Glaser mwenyewe. Yakafanyika 2022, sambamba na maonyesho mengine juu ya zile kazi 21. Wageni wakaona habari zote mbili kwa mara moja, kila moja na uzito wake.

SEFU: Hilo nawapa alama. Mkusanyo ukikua lazima na daftari lake lisomwe.

ZUHURA: Na hili jiji kununua halikuanza na Picasso, eti. Mwaka 1661 kulikuwa na mkusanyo wa familia ya Amerbach, una kazi za mchoraji Holbein na vitu vilivyokuwa vya msomi Erasmus. Amsterdam ikawa inautaka. Jiji na chuo kikuu wakaununua. Ndiyo maana Basel wanajivuna kuwa na mkusanyo wa sanaa wa umma mkongwe kuliko wowote wa jiji. Sitakaa hapo, leo tunazungumza ya kisasa.

SEFU: Basi ruka hadi kwa yule mama wa wakfu, maana huyo amenishangaza.

ZUHURA: Maja Hoffmann. Mumewe, Emanuel, alikufa kwa ajali ya gari 1932. Mwaka uliofuata Maja akaanzisha wakfu kwa jina la mumewe, na katika masharti yake ikaandikwa kwamba utanunua kazi za wasanii wanaotumia njia mpya, zinazoelekea mbele, ambazo watu wa wakati wao bado hawazielewi. Soma hilo tena, Sefu. Wakfu umeagizwa kununua kitu ambacho watu hawajakielewa! Na kazi hizo zimekopeshwa makumbusho kwa kudumu. Mwaka 1980 huyo huyo mama akawezesha jengo la sanaa ya leo karibu na mto Rhine, kiwanda cha zamani cha karatasi kilichoungwa na jengo jipya. Moja ya makumbusho ya kwanza Ulaya kujengwa kwa sanaa ya leo peke yake.

SEFU: Sharti hilo ni zuri kwa sababu ni pesa yake. Serikali ilipojaribu vilevile, unakumbuka kilichowapata na Beuys, yule msanii wa Ujerumani.

ZUHURA: Wasimulie.

SEFU: Mwaka 1977 makumbusho yananunua kazi ya Joseph Beuys, *Feuerstätte*, yaani mahali pa moto. Faranga 300,000. Watu wanakwenda kutazama wanachokutana nacho ni shaba, chuma na sufu. Jiji likachemka. Barua magazetini, maswali barazani, kila mtu fundi wa vyuma. Ikaja kanivali ya 1978, na Basel kanivali si mchezo, vikundi hutumia mwaka mzima kuandaa kejeli. Kikundi kimoja kikamchagua Beuys. Wakashona suti za sufu kama zake, wakabeba fimbo za shaba, wakaandamana mitaani kumcheka.

ZUHURA: Na Beuys?

SEFU: Akaja kuandamana nao! Kisha akachukua suti zao na fimbo zao, akatengeneza kazi ya pili, *Feuerstätte II*, akaipa makumbusho bure. Kejeli yao imo ndani ya mkusanyo hadi leo.

ZUHURA: Halafu unasema bahati si sera. Hii ni mara ya pili.

SEFU: Ni mara ya pili, nakubali. Nadhani wasanii hupenda mji unaowagombania. Mji ulionyamaza haupewi kitu.

ZUHURA: Tumalizie na jengo jipya, maana ndilo linaloonyesha leo kilichokusanywa. Lilifunguliwa Aprili 2016, ng'ambo ya barabara kutoka jengo kuu la 1936, yameunganishwa kwa njia ya chini ya ardhi. Matofali ya kijivu, na juu mkanda wa herufi za mwanga uliofichwa ndani ya matofali yenyewe. Mchana unaonekana kama kivuli. Faranga milioni 100. Nusu serikali, nusu Maja Oeri, mjukuu wa yule yule Maja wa wakfu.

SEFU: Familia moja, karibu miaka mia. Hapo nina shaka yangu. Mtu mmoja akilipa nusu ya nyumba, sauti yake ndani ya nyumba ni ya kiasi gani?

ZUHURA: Swali hilo liulizwe kila mwaka. Lakini ona, bila nafasi hiyo kazi zinalala ghalani. Wana takriban kazi 300,000 za karatasi peke yake, na karatasi haivumilii mwanga, huitundiki mwaka mzima. Na wachoraji wakubwa wa Marekani ambao kazi zao wamezinunua tangu 1959, Rothko, Newman, Still, Kline, hao wanataka kuta pana.

SEFU: Sawa. Mimi nikifika pale, nikimpata mkurugenzi, swali langu ni moja: mwaka huu mmenunua nini kilichowaudhi watu?

ZUHURA: Na akikosa cha kukutajia?

SEFU: Basi nitaanza kuulizia ile milioni 100.