Maili Tano Nje ya Mpaka

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Naam, ni ile mipaka ya halmashauri tena, iliyotumika wakati wa korona kuamua nani apande mlima gani. Nitaacha kuisema siku nitakapopewa jibu.

Tarehe 20 Novemba 2020 Uskoti iliugeuza ushauri kuwa sheria: anayeishi katika halmashauri iliyowekwa ngazi ya 3 au ya 4, zile zenye masharti makali zaidi ya korona, asitoke nje yake bila sababu ya msingi. Kwa mazoezi palibaki upenyo. Matembezi yaanzie na kuishia mahali pamoja, na mahali hapo pasizidi maili tano, yaani kilomita nane, kutoka mpakani. Amri ya kubaki nyumbani ilipokuja Januari 2021, upenyo huo haukuzibwa.

Sasa tazameni kipimo chenyewe. Halmashauri ya Glasgow ina kilomita za mraba 175 na watu zaidi ya 600,000. Dundee ina kama 60 tu. Highland ina zaidi ya 25,000, karibu theluthi ya Uskoti nzima, na watu wake hawafiki hata nusu ya wa Glasgow. Januari hiyo, mkazi wa Inverness, mji ulio Highland, aliweza kuendesha gari kilomita zipatazo 130 hadi milima ya Glencoe, akapanda, akarudi, na sheria isimguse, maana hajatoka Highland. Ushauri ulimtaka asiende mbali na kwake, lakini ushauri hautozi faini. Mkazi wa Glasgow akiutaka Ben Lomond, mlima wa mita 974, njia inaanzia Rowardennan, chini ya kilomita 50 kutoka katikati ya jiji. Huyo ndiye mvunja sheria! Rowardennan iko halmashauri ya Stirling, nje kabisa ya zile maili tano.

Mipaka hiyo ilianza kazi Aprili 1996, kwa mambo ya shule, barabara na kuzoa taka. Aliyeichora hakuwa akiwaza kirusi. Kirusi hiki hupenda chumba kilichofungwa na watu waliobanana; mtu na mkewe juu ya mlima wenye upepo hakiwapati kwa urahisi. Lakini ukiwabana watu 600,000, kila anayetaka kupumua atakwenda kwenye vilima vilevile vilivyo ndani ya maili tano, kwa Glasgow ni Campsie, kwenye maegesho yaleyale na njia ileile. Zuio lililowekwa ili kuwatawanya watu likawa linawakusanya.

Mtaniuliza, na waokoaji wa milimani je? Ni watu wa kujitolea, na machela moja kwenye mteremko huhitaji wabebaji wa kupokezana, bega kwa bega, kwa saa kadhaa. Kweli. Ila aliyetoka Inverness akivunjika mguu Glencoe hubebwa kwa machela hiyohiyo. Kama hofu ilikuwa uokoaji, lingekatazwa tendo lenyewe: makorongo ya barafu, kupanda kwa kamba, kwenda peke yako. Anwani ya nyumbani inahusu nini?

Hoja ya vijiji, kwamba wageni wangepeleka maradhi huko, naiheshimu zaidi. Fort William, mji ulio karibu na Glencoe, ina hospitali ndogo, na wazee ni wengi vijijini. Lakini maradhi hayaachwi kijijini na gari linalopita barabarani. Huachwa dukani, msalani na kituo cha mafuta. Basi weka masharti hapo. Jaza mafuta kwenu; Rowardennan kwenda na kurudi haizidi lita saba au nane kwa gari la kawaida. Beba chakula na maji. Gari moja, nyumba moja. Ukikuta maegesho yamejaa, geuza urudi, usiegeshe ukingoni mwa barabara, maana gari la wagonjwa litashindwa kupita. "Polisi watasimamiaje?" Kwa shida, nakubali. Mpaka ni rahisi: unasoma anwani, unaandika faini. Basi semeni ni urahisi, msituambie ni sayansi.

England walikaribia kupata kipimo bora. Aprili 2020, mwongozo wa polisi na waendesha mashtaka ulikubali kuendesha gari hadi mashambani iwapo muda wa kutembea unazidi sana muda wa kuendesha. Saa tatu za miguu kwa nusu saa ya gari, huo ni uwiano wa kueleweka. Januari 2021, Derbyshire, wanawake wawili wakatozwa pauni 200 kila mmoja kwa kwenda maili tano hivi kutembea kando ya bwawa. Kwa maelezo yao, vinywaji vya moto walivyoshika vilihesabiwa kuwa pikiniki. Faini zilifutwa baadaye. Chai, jamani!

Kenya, kwa haraka: Machi 2021 Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilifungwa kama eneo moja, na hivyo vilima vya Ngong na mlima Longonot vikabaki upande wa Wanairobi. Mengine ya amri ile nina ugomvi nayo, hilo hapana.

Nilitaka kugusa wasio na gari, ambao kwao maili tano ni mabasi mawili, na pia Wales, lakini naoneshwa saa. Tuanze na yule bwana wa nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja machela.