Tuachieni Kamba

Walezi wenzangu wa Girl Guides, wazazi, na ninyi wasichana mlioketi mbele, asanteni kwa kunialika.

Nianze na mwaka 1909. Maelfu ya wavulana wa skauti walikusanyika Crystal Palace, London, kumwona mwanzilishi wao, Robert Baden-Powell. Katikati yao wakatokea wasichana ambao hawakualikwa. Walipoulizwa wao ni nani, wakajibu kwamba ni skauti wa kike. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewaundia chama. Walisoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kaka zao, wakajipanga wenyewe, wakaja. Mwaka uliofuata ndipo Girl Guides, chama cha skauti wa kike, ilipoanzishwa, Agnes, dada yake Baden-Powell, akiiongoza. Mwaka 1912 Juliette Gordon Low, mama aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia, akawakusanya wasichana 18 huko Savannah, Marekani. Mwaka 1928 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana kuwa chama cha dunia, na leo wanachama ni kama milioni 10 katika nchi zaidi ya 150.

Narudi kwenye historia hii kwa sababu sisi walezi tunasahau upesi ni nani aliyeanza.

Kiini cha Girl Guides ni kundi dogo, wasichana sita au wanane hivi. Wanamchagua kiongozi miongoni mwao na kugawana kazi: huyu anatunza vifaa, yule anashika hesabu, mwingine anapanga chakula cha kambini. Kiongozi hubeba maoni ya wenzake hadi baraza la viongozi wa makundi, na huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Mlezi yupo, anasikiliza, na huingilia kati penye hatari. Ukiondoa jambo hilo la wasichana kujiamulia, sare inabaki nguo tu.

Nami nililiondoa kwa miaka mingi bila kujua, kwa kupenda kusaidia. Hema likipinda, nalinyoosha. Wakibishana, naamua. Kisha kambini, jioni moja, mawingu yametanda, nikaishika kamba ya hema. Kiongozi wa kundi, binti wa miaka 12, akaniambia kwa adabu, "Mlezi, tuachie."

Nikawaachia. Usiku hema likaanguka.

Nilisimama pembeni kwenye mvua, nikajizuia. Mmoja alimulika kurunzi, mwingine akapiga magoti matopeni akilifunga upya fundo lililowasaliti. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu asubuhi. Sikuwapatanisha mimi, na sidhani kama ningeweza. Huo ndio urafiki ninaouamini: ule unaozaliwa watu wakihitajiana kweli.

Kuhusu huduma kwa jamii nitasema wazi, na mtaniwia radhi. Kuwapeleka wasichana mahali kwa saa moja, wapige picha na kurudi, hakutoshi. Msichana anayejua kuzuia damu isiendelee kutoka kwenye jeraha tayari ni msaada popote alipo. Waacheni waulize kwanza kinachohitajika, wajifunze stadi yake, kisha waende.

Kila tarehe 22 Februari, wanachama wa dunia nzima huwakumbuka wenzao na kuwachangia, wengi wao wakiwa ni watu ambao hawatakutana nao kamwe. Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikilitaja: chama cha dunia kina vituo vyenye majengo yake Uswisi, Mexico, India na Uingereza, lakini kituo chake cha Afrika hakina jengo la kudumu. Kinahama kutoka nchi hadi nchi, na jina lake ni neno letu: Kusafiri.

Nilipewa nafasi ya kujibu maswali, lakini nimeomba ratiba ibadilishwe. Viongozi wa makundi wataendesha kipindi kilichobaki: watawauliza wazazi na sisi walezi maswali, nao watasema lini tumemaliza. Binti yangu, njoo uchukue kipaza sauti. Mimi nakaa kule nyuma.