Kosa la Kiwandani au Jeraha la Baadaye?

Ndugu wasikilizaji, mtu akinionyesha sarafu yenye kasoro, swali lake la kwanza huwa bei. Langu ni jingine: mashine ingewezaje kufanya hivi?

Bamba la metali hukatwa visahani, visahani huviringishwa ili ukingo uinuke, kisha kila kimoja huzungushiwa pete na kugongwa na mihuri miwili ya chuma. Basi. Likitokea lolote baada ya hapo, hilo ni jeraha.

Chukueni sarafu iliyomegeka pembeni. Kikatio kikiangukia tundu lililokwisha kukatwa, kisahani hutoka na pengo la mviringo. Kinapoviringishwa, pengo linapopita hakuna kinachokandamiza, kwa hiyo ukingo wa upande wa pili, mkabala na pengo, hubaki hafifu. Wakusanyaji huiita athari ya Blakesley. Si kila mara huonekana wazi, lakini mwenye tupa hana habari nayo. Yeye humega upande mmoja tu, na herufi zake hukatika ghafla badala ya kufifia kuelekea kwenye pengo.

Sasa penye mtego. Sarafu ina picha iliyogeuka na kudidimia. Yaweza kuwa kosa halali: sarafu iliyotangulia ilinasa kwenye muhuri, ikaichapa inayofuata. Yaweza pia kuwa kazi ya jiliwa, sarafu mbili zimebanwa pamoja. Tazameni chini ya picha hiyo. Mkiona mabaki ya picha ya kawaida ya upande uleule, yamelazwa, ni jiliwa.

Senti za Marekani za mwaka 1943 zinachosha, niwaambie ukweli. Shaba ilihitajika vitani, zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache mno zikatoka za shaba kwa bahati mbaya. Tangu hapo watu wanapaka shaba zile za chuma. Sumaku inazinasa. Mizani pia: ya chuma ina gramu 2.7 hivi, ya shaba 3.11.

Naam, swali la nyuma nimelisikia: sarafu nyembamba na nyepesi? Hapo mizani peke yake haitoshi. Asidi hula kila kitu, ukingo na herufi pamoja, na uso hubaki na vishimo vidogo. Kisahani kilichokuwa chembamba tangu mwanzo huwa na uso safi, ila picha hazikujaa, kwa sababu mihuri haikupata metali ya kutosha. Leteni kioo cha kukuzia, tuitazame hiyo yako.