Kura ya Posta Huku Seattle, na Swali Lenu Kuhusu Kenya

Habari zenu watu wangu wa Nairobi. Wengi mmeniuliza: kweli huko Marekani mtu anapiga kura akiwa kwake, bila foleni ya alfajiri? Na Kenya je, kura ya posta ingefaa? La kwanza ni kweli, ingawa si kote, maana kila jimbo lina sheria zake. Mimi niko Seattle, jimbo la Washington. Huku raia akishajiandikisha, karatasi ya kura hutumwa kwake angalau siku 18 kabla ya uchaguzi, bila hata kuiomba.

Hebu oneni bahasha yenyewe. Anwani nimeiziba. Karatasi unaijaza kwa kalamu, unaikunja, unaitia humu. Stempu hununui, imeshalipiwa. Sasa angalieni huu mstari: sahihi na tarehe. Hapa ndipo penyewe! Hakuna karani wa kukagua kitambulisho wala wino kidoleni, kwa hiyo sahihi yako inalinganishwa na ile waliyonayo maofisa wa uchaguzi. Zisipofanana, kura inawekwa kando na unatafutwa urekebishe. Ukisahau kutia sahihi, vilevile.

Mhuri wa posta usipite siku ya uchaguzi. Ukichelewa, achana na posta, peleka kwenye sanduku rasmi la kura kabla ya saa mbili usiku siku hiyo.

Kura ya Kenya, ndugu zangu, haiji hivyo. Mwaka 2022 Mkenya wa Marekani alipigia ubalozini Washington, D.C., au New York, au Los Angeles, tena ya rais tu. Kutoka Seattle hiyo ni safari ya ndege, hoteli, na ruhusa kazini. Wangapi wataweza? Naiomba IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, kwa moyo wote itufikirie sisi wa mbali kabla ya Agosti 2027.

Lakini kura ya posta kwa Nairobi yenyewe, bado sijashawishika. Barua zenu huishia kwenye sanduku la posta mjini, hazifiki mlangoni Mathare. Na kuna zito zaidi: kituoni unaingia kibandani peke yako. Nyumbani, mume anaweza kusimama nyuma yako, au mtu wa mgombea aliyekuja na noti, akasema, "Weka alama hapa nikiona." Dada zangu, kile kibanda kinawalinda, msikidharau.

Kama hujajiandikisha, beba kitambulisho uende ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako. Usingoje wiki ya mwisho.