Neno Haliandikwi Peke Yake: Mhadhara Kuhusu Maneno Madogo ya Kiingereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naanzia palepale ninapoanzia kila mara, maana ugonjwa wenyewe bado upo: lile daftari la safu mbili. Kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili, katikati alama ya sawa. "Run", kukimbia. "Cut", kukata. "Set", kuweka. Mtu anajaza kurasa 40 namna hiyo, halafu anafungua gazeti la Kiingereza na kukwama mstari wa kwanza. Na hakukwamishwa na neno gumu, amekwamishwa na "run"! Maneno marefu ya kitaalamu hayana shida. Ukishajua kwamba "photosynthesis" ni usanisinuru, umemaliza kazi, popote utakapolikuta. Yanayotutesa ni haya ya silabi moja, ambayo kila mtu anaamini aliyamaliza zamani.

Hebu tulikalie hilo "run". Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya kwa ajili ya toleo lao la tatu, walilikuta na maana zaidi ya 600, na hapo wamehesabu kitenzi tu, nomino iko kando. Kwenye toleo la pili, la mwaka 1989, aliyeongoza kwa wingi wa maana alikuwa "set", mwenye maana zaidi ya 400. Sasa niambieni, nani atakariri maana 600? Hakuna, hata Mwingereza mwenyewe hajazikariri. Yeye anafanya kitu kingine, na hicho ndicho ninachotaka mkiondoke nacho leo.

Anatazama nani anafanya, kisha anatazama kinachofuata. Basi. Kiima kikiwa kitu cha majimaji, "run" ni kutiririka: "the tap is running", bomba limeachwa wazi, "his nose is running", kamasi zinamtoka. Kiima kikiwa mashine, ni kufanya kazi: "the engine is running", injini inawaka. Kiima kikiwa barabara, ukuta au kamba, hakuna mwendo wowote: "the road runs along the river", barabara inafuata mto. Filamu au mkataba? Hapo ni muda: "the contract runs for 2 years", mkataba ni wa miaka 2. Nguo mpya ndani ya maji, "the colours ran", imechuja rangi. Akiwa mtu, tazama kama kuna shamirisho, yaani kile kinachotendwa. Kama hakuna, huenda kweli anakimbia. Kama lipo, karibu kila mara hakimbii: "she runs a company", anaendesha kampuni; "he's running a temperature", ana homa; "run a bath", jaza maji ya kuoga. Hata tukisema mtu anagombea urais, Mmarekani atasema "she is running for president", ilhali katika uchaguzi wa bunge Mwingereza atasema "she is standing for Parliament". Mmoja amemfanya mgombea akimbie, mwingine amemsimamisha.

Mmeona? Maana haikukaa ndani ya neno, imekaa kwa majirani zake. Ndiyo maana nasema daftari la safu mbili litupwe.

Najua mtakachosema, kwa sababu husemwa kila mara: "Lakini msingi ni mmoja, ni mwendo usiokatika, ukiushika huo, mengine yanakuja yenyewe." Hayaji! Msingi unakusaidia kuelewa kitu ambacho umeshakisikia. Haukusaidii kukitunga. Kwa nini "run a risk", kisha "take a chance", na zote mbili ni kujihatarisha? Kwa nini homa ni "run" na mafua ni "catch"? Hakuna msingi utakaokwambia.

Na msidhani ni ukorofi wa Kiingereza. Mwambieni mgeni kwamba msingi wa "piga" ni kugonga. Kwenye kupiga ngoma na kupiga hodi atafika. Kupiga pasi, kupiga picha, kupiga kura, kupiga mbizi, atafikaje? Na kwa nini kiapo tunakila, rufaa tunaikata, magoti tunayapiga? Sisi hatukufundishwa "piga" peke yake hata siku moja. Tuliipokea ikiwa imeshikana mkono na mwenzake. Basi Kiingereza nacho kipokelewe vivyo hivyo. Usiandike "run = endesha", andika "run a company". Usiandike "make", andika "make a mistake", ili siku ya kuzungumza mdomo usitoe "do a mistake".

Ukipuuza hilo, unaishia kutafsiri nahau zako mwenyewe. Mtu amekata simu, anasema "he cut the phone". Anayemsikiliza anawaza mkasi na waya. Kiingereza kinasema "he hung up", kwa kuwa simu za zamani zilikuwa ukutani na chombo cha kusikilizia kilitundikwa kwenye ndoano. Ndoano imekwenda zake, usemi umebaki.

Sasa twende kwenye vile vijineno vya mkiani: up, off, out, on. Kiswahili kinaweka mkia ndani ya kitenzi: funga, fungua, fungia, fungika. Kiingereza kinauacha nje, unaning'inia, na hapo watu wanaudharau. Chukueni sentensi mbili: "she ran up a debt" na "she ran up the stairs". Kwa macho ni mapacha. Weka "it" mahali pa nomino uone. Deni: "she ran it up", amelilimbikiza. Ngazi: "she ran up them" ("stairs" ni wingi, kwa hiyo "it" inakuwa "them"), amezipanda mbio. Katika deni, "up" ni sehemu ya kitenzi, na ukitamka "ran it up" mkazo unaangukia hapo kwenye "up". Katika ngazi, "up" ni kihusishi cha kawaida. Kwa hiyo kila kitenzi cha namna hii kiandikwe kikiwa na "it" yake: "put it off", "turn it down", lakini "look after it", hicho hakipasuliwi katikati. Ukikiandika hivyo siku ya kwanza, hutasema "put off it" maisha yako yote.

Na msiuamini mkia peke yake. Kengele ya hatari ikisemwa "went off", imelia. Taa ikisemwa "went off", imezimika. Maziwa yakisemwa "went off", yamechacha. Ni "off" ileile.

Nahau kamili nazigusa tu, muda unanibana. Jaribuni kuzigeuza ziwe za kutendwa, mtajua ugumu wake. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ukisema "the bucket was kicked" umepiga teke ndoo ya kweli, kama vile kwetu mtu aliyekata kamba amekufa, ila kamba ikikatwa hakuna msiba. Na tafadhali, usiitamke mbele ya wafiwa, ni ya mzaha. Wao waambie "passed away". "Spill the beans" ni tofauti. Ni kutoa siri, na inageuka vizuri, "the beans were spilled", kwa sababu kila sehemu ina fungu lake la maana: beans ni siri, spill ni kuitoa.

La mwisho. Nilitaka kusema mengi kuhusu "get", siwezi tena. Nichukue "table". Uingereza, "to table a motion" ni kuleta hoja ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando. Winston Churchill ameandika katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa pande hizo mbili waligombana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja kwa ajili ya neno hili, na kumbe wote walikuwa wanataka ujadiliwe haraka. Kwa hiyo kwenye daftari, pembeni ya sentensi, weka herufi U au M uonyeshe umeitoa wapi. Haya, maswali.